Bibi wa Ngome ya Zimbari

Mwalimu Cherotich alikuwa mtu wa kuogopa mapema. Wengine humwogopa simba akishafika mlangoni. Yeye alimwogopa angali porini, na pengine simba mwenyewe hajazaliwa. Somo la historia la kidato cha tatu aliliandaa mara tatu, kisha akaandaa na majibu ya maswali ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuyauliza tangu shule ile ijengwe. Kwao ni Bomet, kwenye chai na baridi. Miaka minne iliyopita, barua ya uhamisho ilipomleta Lamu, mama yake alilia kwa kumpoteza mwana. Cherotich naye alilia, ila yeye alilia kwa kuwa hakupewa muda wa kuisoma Lamu kabla ya kufika.

Basi mtu wa namna hii ndiye wenzake waliyemchagua awe msimulizi wa gemu. Labda walifanya hivyo kwa upendo, labda kwa uvivu wao tu.

Gemu yenyewe ilichezwa kila Jumamosi baada ya alasiri, katika chumba cha walimu, kwenye meza ndefu yenye madoa ya chai. Wachezaji walikuwa watatu: Mugambi, karani wa kaunti aliyetoka Meru, Edah, muuguzi, na Wazir, mwalimu wa jiografia, mwenyeji wa mtaa wa Mkomani kwa baba na mama. Kila mmoja alijitwalia mhusika. Mugambi alikuwa mchawi, Edah mwizi wa kike, Wazir askari wa upanga. Cherotich aliwasimulia walipo na wanachokiona, wao wakasema wanachokifanya, kisha dadu lenye pande ishirini likaamua wamefaulu au wameangukia pua. Mtu akitupa ishirini, hukumu ilikuwa moja: alichokitaka apewe, tena kikamilifu. Msimulizi hakuwa na ruhusa ya kumpa ganda la ndizi akasema ndizi imeliwa.

Shida ilikuwa Mugambi. Cherotich alipowafikisha kwenye Ngome ya Zimbari, jumba kuu la mawe lililokaliwa na mizimu juu ya kisiwa kisichokuwapo kwenye ramani yoyote, Mugambi hakutaka kupigana na mizimu. Alitaka kujua ukuta una unene gani. Maji yanatoka wapi? Nani alijenga, na mlango una makomeo mawili kwa nini? Cherotich alijibu kwa kubahatisha, akatoka pale jasho likimtiririka. Tangu siku hiyo akaanza kuiandikia ngome ile historia yake, kizazi baada ya kizazi, katika daftari kubwa la jalada gumu, ili Mugambi asimkamate tena mikono mitupu.

Bahati yake, au balaa lake, alikuwa akiishi ndani ya jumba la mawe. Alipanga chumba cha juu kwa Bi Radhiya, mjane wa miaka sabini na mitano, huko Mkomani. Nyumba ilikuwa ya Bi Radhiya mwenyewe, kwa urithi wa kike, mama kwa binti. Waliishi humo yeye na mjukuu wake Ummu, msichana wa miaka ishirini na minne aliyeuza dawa katika duka la dawa karibu na gati.

Cherotich alianza na maswali ya mawe. Chokaa ilichomwaje? Ukuta ulikauka kwa muda gani kabla ya kubebeshwa ghorofa? Bi Radhiya alifurahi hadi akawa anamngojea kwa kahawa. Wajukuu zake hawakuwahi kumuuliza hata boriti ni mti gani. Alimweleza jinsi vidaka vya ukutani vya kuwekea vyombo vinavyopangwa, jinsi chumba cha ndani kabisa kilivyo cha mwenye nyumba wa kike, na jinsi wikio, kile chumba kinachoruka juu ya kichochoro hadi nyumba ya pili, kilivyowawezesha wanawake kutembeleana bila kukanyaga barabara. Cherotich aliandika yote. Usiku mmoja tu, wikio likawa daraja la mizimu.

Kisha akauliza swali lililofaa ngome lakini halikufaa nyumba. Aliuliza ni nani alikuwa bibi wa kwanza kuirithi.

Bi Radhiya hakujibu siku hiyo. Alijibu kesho yake, Ummu alipokwisha kwenda kazini, mlango wa chini ukiwa na komeo.

"Sikiza, mwalimu," alisema. "Hili nakwambia weye kwa kuwa si wa nti hii. Hapa kila mtu ana wa kumwambia. Weye huna."

Akamsimulia. Mwenye nyumba wa zamani, mke wa mfanyabiashara, alikaa miaka tisa bila mtoto, na mavyaa wake, mama wa mumewe, alikwisha kumtafutia mwanawe mke wa pili. Jikoni kulikuwa na mpishi, mjakazi, aliyeshika mimba ya mchota maji, naye mtumwa. Bibi yule akajifungia ndani akisema mimba yake ni dhaifu na hataki kuonwa. Kila mwezi alijifunga leso moja zaidi tumboni, zikafika saba. Mpishi alipojifungua, mtoto akahamishwa kutoka chumba cha pili hadi ndani, vigelegele vikapigwa, mavyaa akanyamaza. Mtoto yule wa kike ndiye aliyekuja kuwa bibi mzaa mama wa Bi Radhiya. Mpishi aliendelea kupika katika nyumba ile miaka thelathini, akimwandalia mwanawe chakula na kumwita "Bibi".

Bi Radhiya aliambiwa na mamake siku chache kabla mamake hajafariki. Hakuwahi kumwambia mume, wala wanawe. Sasa lilikuwa likimchoma kwa sababu Ummu alikuwa na mposaji, na mposaji mwenyewe alikuwa Wazir. Barua ya posa ilitarajiwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, baada ya swala. Na mji ule, hata siku hizi za simu na shahada, nyumba za kale hazitoi mtoto kabla ya kutazama kufu. Wazee huketi wakahesabu mababu, huyu mwana wa nani, naye wa nani, mpaka wafike kwa yule aliyeteremka chomboni kutoka ng'ambo. Kwa Bi Radhiya, hesabu ikikorogwa vizuri ingeishia jikoni.

Cherotich aliahidi kunyamaza, na alipoahidi alimaanisha. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata nayo ina mdomo.

Jumamosi iliyofuata gemu ilidorora. Mugambi alipiga miayo. Edah, kwa kuchoka, akasema mwizi wake anaingia chumba cha ndani cha ngome na kutafuta siri kubwa kuliko zote za Zimbari. Akatupa dadu. Likazunguka, likagonga kikombe, likalala kwenye ishirini.

Meza nzima ilishangilia. Cherotich alifungua daftari akapekua mbele na nyuma, lakini kurasa zote zile zilikuwa chokaa, boriti na vita. Siri hakuwa nayo. Wote watatu walimwangalia, Mugambi akitabasamu kama mtu aliyeona mkia wa panya. Na hukumu ilikuwa moja: apewe, kikamilifu. Mwalimu wetu, aliyeandaa majibu ya kila kitu, hili hakuliandaa, na ulimi ukakimbilia kilichokuwa karibu.

Akasimulia habari ya Bibi wa Ngome. Hakutaja Lamu, wala Mkomani. Bibi alimwita Ndeo, mchota maji akamfanya mlinzi wa visima vya moto. Hata leso alizikwepa. Alisema Bibi Ndeo alijifunga mto wa sufi tumboni, akiuongeza sufi kila mwezi. Aliposema jinsi mpishi alivyomwandalia mwanawe chakula na kumwita Bibi, Edah alifuta macho. Mugambi, kwa mara ya kwanza, hakuuliza kitu. Alipiga makofi.

Wazir hakupiga. Alikuwa akiichora ramani ya ngome tangu wiki za nyuma, vyumba na vidaka na daraja, kwa mkono safi wa mwalimu wa jiografia. Aliweka penseli chini, akaikunja ile ramani mara nne, akasema ana shughuli nyumbani. Aliondoka hata maghribi haijaadhiniwa.

Cherotich naye alikimbilia nyumbani na daftari lake. Alipofika chumbani alifungua daftari, akaona kosa lake lote. Jina alilibadilisha, nyumba aliiacha. Vidaka kumi na viwili ukuta wa mbele, kisima chini ya ngazi, wikio la kushoto: yote alikuwa ameyapima kwa hatua zake mwenyewe katika nyumba ya Bi Radhiya na kuyapachika Zimbari jinsi yalivyo. Wazir amezaliwa vichochoro vile. Kipi kingemfichikia?

Ijumaa ikafika. Bi Radhiya alifukiza udi, Ummu akaomba ruhusa kazini. Swala ikaisha, watu wakatawanyika, kahawa ikapoa. Barua haikuja.

Juma lile Cherotich alilipita kama mgonjwa. Shuleni Wazir aliacha kuketi chumba cha walimu. Kati ya vipindi alijificha stoo ya ramani. Cherotich alimwandikia ujumbe wa kumjulia hali, alama mbili zikageuka buluu, jibu lisije. Nyumbani Ummu alipiga pasi nguo zilizokwisha pigwa pasi, alikula vijiko vitatu akasema ameshiba. Siku moja alimuuliza Cherotich kama Mwalimu Wazir ni mzima, akiuliza kwa sauti ya kujifanya anauliza bei ya nyanya. Cherotich akajibu kwamba ni mzima, kisha akaenda chooni akalia, maana msichana huyu alimpenda kama mdogo wake, na ni yeye Cherotich aliyemharibia.

Ijumaa ya pili ikapita vilevile. Jumapili Cherotich alikwenda kanisani, akaomba, akatoka na woga ule ule aliokwenda nao. Aliporudi, Bi Radhiya alikuwa ameketi ngazini, mikono mapajani.

"Kuna neno wamesikia," alisema Bi Radhiya. "Sijui limepita ndia gani."

Hakumtazama Cherotich aliposema. Hakumshuku hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza Cherotich kuliko kutukanwa. Aliona njia moja tu: amwendee Wazir, amwangukie, ajibebeshe lawama yeye mgeni, wenye nyumba wasalimike. Maneno aliyaandika kwenye karatasi, akayasahihisha mara tatu, kwa rangi nyekundu.

Jumatatu, mapumziko ya saa nne, alimkuta stoo akikunja ramani ya Afrika. Karatasi aliisahau mfukoni.

"Mwalimu Wazir, nimekuja kuomba msamaha," alisema. "Bi Radhiya hana kosa. Aliniambia mimi, na mimi sikuweza kuziba mdomo. Usimwadhibu Ummu kwa ulimi wangu."

Wazir akaacha kukunja. Akauliza, taratibu sana, Bi Radhiya alimwambia nini.

"Ile habari ya Bibi wa Ngome. Ni ya nyumba yake, ni bibi yake yeye. Yeye alisema leso. Mimi niliifanya mto ili isijulikane."

Alipokuwa akimaliza kusema ndipo alipouona uso wa Wazir, na akaelewa kwamba mtu huyu hakuwa akijua chochote. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Alikuwa amekuja kuomba msamaha wa siri aliyodhani imetoka, na siri ameitoa yeye, kwa hiari yake, mchana kweupe, mbele ya mtu wa mwisho duniani aliyepaswa kuisikia.

Wazir aliketi juu ya katoni ya chaki.

"Kwetu ulikuwa mto," alisema.

Cherotich hakufahamu. Wazir akarudia, kisha akaeleza akiwa ameinamisha kichwa. Nyumba yao nayo ilikuwa na bibi asiyezaa, mpishi aliyezaa, na mto wa sufi. Nyanya yake alimwambia mwezi uliopita tu, aliposema anataka kumposa mjukuu wa Bi Radhiya. Alimwambia akilia, ili asije akasikia mbele za watu. Vidaka hakuvitilia maanani, maana nyumba za Mkomani zafanana, na wikio kwao lipo pia. Alichokisikia Jumamosi ile ni mto.

"Nilidhani Bi Radhiya amekutuma," alisema. "Hapa hawamkatai mtu usoni, mwalimu. Humpigia mfano mahali ambapo atausikia. Nikasema, haya, wamejua, wananirudisha kwa heshima. Ndiyo maana nilizuia barua."

Cherotich alitaka kucheka na alitaka kulia, na kifua hakikuwa na nafasi ya vyote viwili. Mahali alikozaliwa, mtu akikukataa hukwambia. Hapa alikuwa amekaa miaka minne, amejifunza chokaa na boriti na makomeo, na hakujua kwamba hadithi inayosimuliwa mezani ina mtu ambaye imetumwa kwake. Akasema basi imekwisha, waambiwe hawa wazee wawili, wapumzike. Kila mmoja anaogopa kitu ambacho mwenzake anacho.

Wazir alikataa. "Nyanya yangu ana miaka themanini na miwili," alisema. "Anachojivunia ni kwamba watu hawajui. Ukimwambia kwamba wewe wajua, utakuwa umempumzisha wapi?"

Wakakubaliana. Siri zote mbili zingebaki kwa Wazir na kwa Cherotich, na Ummu angeambiwa na mumewe siku atakayoona yafaa. Jumamosi ile Zimbari iliteketezwa na joka. Mugambi alilalamika kwamba joka halikuwa na historia, na Cherotich akamwambia alale aiote.

Barua ililetwa Ijumaa iliyofuata. Ummu alipiga pasi upya nguo zote, safari hii akiimba. Wiki moja baadaye wanawake wa upande wa Wazir walikuja kuonana na wa upande wa pili, wakavua viatu barazani, wakaketi sebuleni kwa halua na visheti. Cherotich aliombwa ashike kazi ya kahawa, na alikubali kwa kuwa mtu mwenye birika hana wa kumuuliza mengi. Ndivyo alivyodhani.

Wazee wawili waliketi wakitazamana na kuanza kuhesabu. Bi Radhiya alitaja bibi yake kwa jina lake lote, kidevu juu. Nyanya yake Wazir, mwanamke mdogo mwenye sauti kavu, alitaja wa kwake. Kila jina lilipopita, wanawake waliitikia kwa kutingisha vichwa. Cherotich alimwaga kahawa kwenye sahani mara mbili. Alijua ni jina lipi upande huu lililozaliwa jikoni, na ni lipi upande ule, na wote wawili waliyataja kwa haraka kidogo kuliko mengine. Hakuna aliyesikia haraka ile ila yeye.

Bi Radhiya alimfuata kwenye ngazi alipokwenda kujaza birika. Uso wake ulikuwa umejaa furaha na macho yamejaa hofu.

"Watu wa asili hawa," alinong'ona, akimshika Cherotich mkono. "Nachelea tu wasiyue yetu. Unadhani watayua?"

Sentensi moja ingetosha kumwondolea mama huyu mzigo wa nusu ya maisha yake. Cherotich alikuwa nayo mdomoni, imekamilika. Aliimeza.

"Hawatajua, Mama," alisema.

Akarudi sebuleni na birika. Alipoinama mbele ya nyanya yake Wazir, mkono mkavu ukatoka chini ya buibui ukamshika kifundo cha mkono, na yule mzee akamvuta karibu hadi Cherotich akasikia harufu ya karafuu. Alitaka kujua jambo, alisema. Mwalimu ni mgeni, hana upande, tena amekaa na watu hawa nyumba moja miaka minne. Basi amwambie kweli: hawa ni watu wa namna gani? Wakijua mtu ana aibu yake ya zamani, wangemfanyaje?

Vidole vilikuwa baridi. Cherotich hakuwa ameandaa jibu.

"Ni watu kama nyinyi, Bi," alisema.

"Kama sisi," mzee alirudia polepole, kama anayelipima neno. Kisha akamwachia mkono, akainua kikombe, akakirudisha bila kunywa, na macho yake yakaanza kumtafuta Bi Radhiya upande wa pili wa chumba. Cherotich alisimama na birika lake, asijue kama amemtuliza mtu au amezivunja nyumba mbili.